Hakuna Utepe wa Kuziba Ufa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shuleni tulifundishwa methali hii kama onyo, na onyo lake linasimama juu ya jambo ambalo siku hizi limepinduka: kwamba kujenga ukuta ni adhabu. Mhenga aliyeisema mara ya kwanza alijua ukuta ni nini. Ni udongo wa kukanyagwa, maji ya kuteka mbali, siku za shamba zinazopotea. Kwake, mtu anayejenga upya kitu alichokwisha kuwa nacho ni mtu aliyezembea. Sisi leo tunamwita mtu huyo mleta maendeleo. Kuna utepe, kuna mkasi unaoletwa kwenye sinia, kuna ngoma ya bugobogobo, kuna jiwe la msingi lenye jina na tarehe. Tangu nizaliwe sijaona utepe ukikatwa kwa sababu ufa fulani umezibwa.

Nimekuwa nikiufikiria utepe huo kwa sababu ya jukwaa la mpira. Naishi Kirumba, Mwanza, mwendo mfupi kutoka uwanja wa CCM Kirumba, na ninasoma shahada ya uzamili ambayo inanilazimisha kusoma sana habari za maadili na mazingira. Uwanja huu umesimama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unachukua watazamaji wapatao 35,000, wengi wao kwenye mzunguko usio na paa, wachache kwenye jukwaa kuu. Ulikuwa nyumba ya Toto Africans, na hapa ndipo Pamba Jiji walipocheza waliporudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miongo miwili. Kila msimu mpya unapokaribia, maneno yanarudi vijiweni: nyasi, vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo, paa. Na kila mara mtu mmoja humaliza mjadala kwa kusema, "Libomolewe tu, tujengewe la kisasa." Siku hizi maneno hayo yameongezewa kiungo: la kisasa na endelevu.

Hapo ndipo ninapokwama. Je, ni haki kubomoa jukwaa linaloweza kutengenezwa ili kujenga jingine kwa jina la mazingira? Na kama jibu ni ndiyo au hapana, ni nani mwenye haki ya kulitoa?

Tuanze na neno lenyewe. "Endelevu" limetoka kwenye kitenzi "kuendelea", na "maendeleo" yametoka hukohuko. Kiswahili, bila kukusudia, kimeyafanya mambo mawili ambayo dunia nzima inayagombanisha kuwa ndugu wa tumbo moja. Lakini kuendelea kuna maana mbili. Mtu anaweza kuendelea kwa kwenda mbele, akaacha alipokuwa. Na mtu anaweza kuendelea kwa kutoacha, kama mvua inavyoendelea kunyesha, kama mama lishe anavyoendelea kuuza uji kona ileile kila alfajiri. Maana ya kwanza ndiyo tuliyoipa maendeleo. Maana ya pili ndiyo iliyopaswa kuwa ya endelevu. Tunaposema tubomoe ili tuwe endelevu, tunachukua jina la mdogo na kumpa kaka yake.

Sasa hesabu, maana maadili yasiyopiga hesabu huishia kuwa mahubiri. Saruji peke yake husababisha takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Inatoka sehemu mbili: moto wa tanuri unaochoma chokaa kwa joto la nyuzi zaidi ya 1,400, na chokaa yenyewe, ambayo ikichomwa huachia hewa hiyo hata kama moto ungekuwa wa jua. Zege la Kirumba lilikwisha kulipa gharama hiyo zaidi ya miaka 40 iliyopita. Hewa ile ilishapanda, hairudi. Ukilivunja zege hilo huikomboi hata chembe. Unaanza deni jipya, na juu yake una kifusi cha kupeleka mahali.

Wanaotetea majengo mapya wana jibu zuri: jengo jipya hutumia umeme kidogo, hivyo deni lake hujilipa polepole. Mwaka 2011 shirika la Marekani linalohifadhi majengo ya kihistoria lilichapisha uchunguzi kuhusu jambo hili, likakuta kwamba jengo jipya lenye matumizi mazuri ya nishati linaweza kuhitaji kati ya miaka 10 na 80 kufidia madhara ya kujengwa kwake. Hayo ni majengo ya nchi za baridi na viyoyozi, ambako jengo hula nishati mchana na usiku. Jukwaa la mpira la Mwanza halina hita wala kiyoyozi. Linapozwa na upepo wa ziwa, na linawashwa taa kwa saa chache. Kitu kisichotumia kitu hakiwezi kuokoa kitu. Kama deni la jengo linalokula nishati mchana na usiku linaweza kuchukua hadi miaka 80 kujilipa, deni la jukwaa lililo wazi huenda lisijilipe kabisa.

Na yale mazuri tunayoyatamani kwenye jukwaa jipya, mengi yanakubali kuwekwa kwenye la zamani. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Mwanza hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 2,000, hata ukitoa yanayomwagika na kuyeyuka, linaweza kukupa lita zaidi ya milioni moja na nusu: maji ya vyoo na ya nyasi, bila kulipia bili. Anachohitaji fundi ni mabati mazima, mifereji na matangi. Mitambo ya jua haiulizi kama nguzo zilizoibeba zina umri gani, mradi zina nguvu.

Kwa hiyo kwenye hesabu ya hewa ya ukaa, methali inashinda. Ziba ufa. Lakini ningeishia hapo ningekuwa nimedanganya, kwa sababu sisi watu wa ziwa tunajua kitu kingine kuhusu vyombo vya zamani.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimekua nikisikia watu wazima wakishusha sauti kila siku hiyo inapotajwa. Mtu aliyelelewa kando ya maji haya hawezi kuambiwa "bado kinaenda" akatulia. Maneno hayo ndiyo ya hatari kuliko yote katika lugha yetu. Bado kinaenda ni lugha ya mtu asiyetaka kukagua.

Waingereza nao wana jukwaa lao. Tarehe 11 Mei 1985, katika mji wa Bradford, jukwaa la mbao lililojengwa mwanzoni mwa karne ya ishirini lilishika moto mechi ikiendelea. Uchafu ulikuwa umejikusanya chini ya viti kwa miaka, na hatari yake ilikuwa imeshaelezwa kwa maandishi kabla. Paa lilipangwa kubadilishwa mara tu msimu ukiisha. Watu 56 walikufa. Mtu anayelipenda jengo la zamani kwa sababu ni la zamani tu, akiwa anaangalia picha yake ukutani, inampasa akumbuke kwamba wengine hukaa ndani yake.

Lakini tazameni vizuri hadithi ya meli zetu. MV Bukoba ilipozama haikuwa imefikisha hata miaka 20. MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, ni mkubwa wake kwa karibu miongo miwili. Ilizeeka, ikasimamishwa, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2020 ikarudi majini. Mdogo alizama, mkubwa anaelea. Umri haukuwa ndiyo swali. Swali lilikuwa nani anakagua, nani anapima mzigo, nani ana mamlaka ya kusema "leo haiondoki" na akasikilizwa.

Wanafalsafa wa Ugiriki walikuwa na fumbo kuhusu merikebu ya Theseus: ukibadilisha ubao mmoja leo na mwingine kesho mpaka mbao zote ziwe mpya, je, bado ni merikebu ileile? Darasani tulibishana kwa saa mbili. Bandarini sidhani kama fumbo hili lingemchukua mtu dakika mbili. MV Victoria ni MV Victoria kwa sababu inabeba watu na ndizi kutoka Bukoba hadi Mwanza, kwa sababu mabaharia wake wanajua kelele zake, na kwa sababu mtu akifika gatini anasema "nangoja Victoria" na kila mtu anaelewa. Injini inaweza kuwa mpya. Kinachoifanya iwe ileile ni kazi yake na watu wake.

Hapo hoja ya kumbukumbu inaanza kuonekana kwa sura nyingine. Wengi wanaotaka jukwaa la zamani libaki husema ni kwa ajili ya kuwaheshimu waliolijenga. Nami niliwahi kudhani heshima hiyo imo ndani ya zege. Baba yangu mkubwa ndiye aliyenitoa huko.

Yeye ni mzee wa Kirumba, alifanya kazi ya useremala maisha yake yote. Jioni moja nilimkuta anapunga upepo barazani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Bado unaandika habari za jukwaa?"

Nilimwuliza kama ni kweli naye alitoa mchango wa uwanja enzi zile. Akasema alitoa, kama wenzake. Nikauliza kiasi gani. Hakumbuki. Nikauliza kama anayo risiti, akacheka mpaka akakohoa.

"Risiti ya nini? Mimi sikukopesha, nilitoa. Aliyekopesha ndiye anatunza karatasi."

"Sasa likibomolewa utajisikiaje?"

Akanyamaza kidogo. "Zege siyo mtoto wangu. Kitu kimoja tu. Wakimaliza kujenga, hawa watoto wa hapa wataingia?"

Swali hilo la mzee limebeba mambo mengi kuliko maswali yangu yote ya tasnifu. Ili kulielewa, inabidi kukumbuka historia. Viwanja vingi vikubwa vya mikoani nchini mwetu vilijengwa wakati wa chama kimoja: Kirumba hapa, Kambarage Shinyanga, Sokoine Mbeya, Majimaji Songea, na vingine. Wakati huo mpaka kati ya chama, serikali na wananchi ulikuwa mwembamba. Mtu alichanga bila kujiuliza anampa nani, kwa sababu wote walionekana kuwa mmoja. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, mmoja huyo akagawanyika, na viwanja vikabaki na chama. Tangu hapo mjadala haujaisha. Wapo wanaosema hati iko wazi na mwenye hati ndiye mwenye mali. Wapo wanaosema jasho nalo ni hati. Sitaumaliza hapa mjadala huo wa kisheria. Ninachotaka kuuliza ni wa kimaadili: mtu aliyetoa bila risiti anadai nini?

Naona jibu limo kwenye maneno ya mzee. Anayetoa hadai kurudishiwa, wala hadai kitu alichotoa kibaki kama kilivyo milele. Lakini zawadi ina kusudi. Ukinipa mbegu nikapande, nikazila, hujanidai, ila nimekukosea. Waliochanga walitoa kwa ajili ya uwanja, na uwanja ni mahali ambapo wengi huingia.

Lugha yetu ina mtego mzuri hapa. Uwanja ni wa watu: uwanja wa mpira, uwanja wa mapambano, uwanja wa mikutano. Kiwanja ni cha mtu: kina vipimo, kina bei, kina tangazo la "hakiuzwi" kwenye ukuta kwa rangi nyekundu. Ukisimama kwenye umoja hutachanganya. Ila ukienda kwenye wingi, vyote viwili vinaitwa viwanja. Uwanja hugeuka kiwanja kimyakimya namna hiyo, hakuna anayesikia kiambishi kikianguka.

Ziwa letu lina miji mikubwa mitatu, na kila mmoja umelijibu swali hili kwa namna yake. Kampala walikuwa na Nakivubo, uwanja uliofunguliwa mwaka 1926. Ulibomolewa, ukajengwa upya na mwekezaji binafsi, ukafunguliwa tena mwaka 2024 ukiwa umezungukwa na maduka na ukiitwa kwa jina la mwekezaji. Wapo wanaoona hayo ni maendeleo safi: wachezaji wana nyasi, wafanyabiashara wana vyumba, jiji lina kitu cha kuonyesha. Wapo wanaoona uwanja umekuwa ua wa soko. Kisumu walijenga mpya kwingine, uwanja wa Jomo Kenyatta kule Mamboleo, ambao ulitumika kwa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2021, wakauacha uwanja wa zamani wa Moi usimame mahali pake. Dar es Salaam, ingawa si mji wa ziwa, walifanya kama Kisumu kabla yao: uwanja wa watu 60,000 uliofunguliwa mwaka 2007 ulijengwa jirani na uwanja wa Uhuru, pale ambapo bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuingia tarehe 9 Desemba 1961. Hawakuugusa wa zamani ili kupata mpya.

Mwanza bado hatujajibu. Tumejibu nusu tu, pale Nyamagana. Ule ni uwanja mdogo katikati ya jiji, wenye historia kubwa kuliko umbo lake: mwaka 1974 Yanga na Simba walikuja kuamulia ubingwa hapo, Yanga wakashinda 2-1. Leo Nyamagana una nyasi bandia, na vijana wanaucheza mwaka mzima bila kungoja mvua. Ni jambo jema na linaonekana kwa macho. Lakini nyasi hizo ni plastiki, na zikishatumika miaka kumi hivi huhitaji kung'olewa na kutupwa mahali. Viwanja vya namna hii kwa kawaida hujazwa chembechembe ndogo za mpira kati ya majani, na chembe hizo hutoka kwenye viatu na kwenye maji ya mvua. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kupiga marufuku uuzaji wa chembe hizo, ukatoa muda wa miaka minane kwa viwanja vya michezo kujipanga. Hapa kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza sangara na sato walionunuliwa Mwanza, ukakuta plastiki tumboni mwa samaki mmoja kati ya kila watano. Sisemi imetoka uwanjani. Plastiki ya ziwa ina wazazi wengi, mifuko na chupa wakiwa wa kwanza. Nasema tu kwamba jiji lililojengwa kwenye miteremko ya mawe halina kitu kinachobaki pale kilipomwagwa. Kila kitu kinashuka Mwaloni.

Kwa hiyo kuna wadai watatu. Waliotoa, ambao wengi wameshazikwa. Walio hai, ambao wanataka kucheza Jumamosi hii. Na wasiozaliwa, ambao watakunywa maji ya ziwa hili. Ugumu ni kwamba huwezi kuwalipa wote kwa fedha moja, na mmoja wao hana sauti kabisa.

John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba wakati wa Kiafrika una sehemu mbili, akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Alidai wakati ujao kwetu ni mfupi mno, kwa sababu jambo ambalo halijatokea halina uzito. Wengi wamempinga. Mimi nikijaribu kumpinga hukimbilia kwenye lugha: tuna kesho, tuna kesho kutwa, tuna mtondo, tuna mtondogoo. Halafu nahesabu vidole na kukuta nimefika siku nne tu. Mkandarasi anayesema jengo lake litadumu miaka 50 anaongea kwa wakati ambao hatuna jina lake.

Lakini tuna desturi zake. Mtu anayepanda mwembe uzeeni hajipandii. Na sidhani anawapandia "vizazi vijavyo" kwa namna ya hotuba. Anapanda kwa sababu naye alikuta mwembe. Analipa deni la nyuma kwa kutoa mbele. Nadhani hii ndiyo njia pekee ya kumlipa asiye na sauti: kutomwachia kitu ambacho usingependa kuachiwa. Mimi nisingependa kuachiwa jengo zuri ambalo hakuna anayejua kulitengeneza.

Najua pingamizi lililo gumu kuliko yote, kwa sababu mdogo wangu hulitoa kila siku, naye ndiye anayecheza mpira nyumbani. Anasema: "Dada, kwa nini sisi ndio tuzibe ufa? Arusha wamepata mradi wa uwanja mpya wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027. Ulaya wana viwanja kama meli za angani. Sisi tukitaka kimoja ndio tunakumbushwa habari za hewa ya ukaa?" Ana haki. Mtanzania wa kawaida hutoa sehemu ndogo sana ya hewa ambayo Mmarekani mmoja hutoa. Zege la jukwaa moja la Mwanza halitaongeza joto la dunia kwa kiasi cha kupimika. Kumnyima kijana wa Kirumba choo safi na taa za uwanjani ili kufidia moshi wa watu wengine ni dhuluma iliyovaa kijani.

Ninamjibu hivi. Ukarabati siyo toba ya dhambi za wengine. Ningekuwa nakuambia ukae na choo kibovu kwa ajili ya dunia, ningekuwa nakukosea. Nakuambia choo kijengwe, taa ziwekwe, paa libadilishwe, na nguzo zipimwe na mhandisi mwenye uhuru wa kusema zimechoka. Na matajiri wenyewe wameanza kujifunza hivyo. Wasanifu wa Ufaransa, Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, walipewa tuzo ya Pritzker mwaka 2021, tuzo kubwa kuliko zote za usanifu majengo, wakijulikana kwa kukataa kubomoa. Huko Bordeaux walipewa majengo ya makazi ya zamani yenye nyumba 530. Badala ya kuyaangusha waliyaongezea vibaraza vikubwa vya vioo, watu wakiwa bado wanaishi ndani. Mwaka uliofuata tuzo ilikwenda kwa Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kuipata. Shule yake ya kwanza, pale kijijini kwao Gando mwaka 2001, ilijengwa kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na paa la bati lililoinuliwa ili hewa ipite. Wanakijiji ndio waliojenga. Mtu aliyeinua tofali kwa mikono yake, tofali hilo likipata ufa hamwiti mtaalamu kutoka mbali.

Halafu kuna suala la nani anapata riziki. Katika kujenga upya, sehemu kubwa ya fedha huenda kwenye nondo, saruji na mitambo. Katika kukarabati, sehemu kubwa zaidi huenda kwenye mikono: fundi bati, fundi bomba, mchomeleaji, mpaka rangi, na wale kina mama wanaoponda kokoto kwenye vilima vyetu. Mwanza haijawahi kukosa mawe wala mikono.

Mdogo wangu hajaridhika, naye hajakosea kutoridhika. Kuna siku ambayo mhandisi atasema nguzo zimekwisha, na siku hiyo nitakuwa wa kwanza kutaka jukwaa lishushwe kabla halijajishusha lenyewe. Kuzuia kubomoa siku hiyo ni kuabudu zege. Kwa hiyo msimamo wangu si kwamba tusibomoe kamwe. Ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uwe kwa anayetaka kubomoa, na kwamba neno "endelevu" lisikubaliwe kama uthibitisho.

Ikifika hapo, ningependa tuulize maswali matatu kabla ya kumwita mchoraji ramani. La kwanza: jengo la zamani limepimwa na nani, na taarifa yake iko wapi tuisome? La pili ni lile la mzee: watoto wa hapa wataingia? Siyo siku ya mechi kwa tiketi tu, bali Jumanne jioni, wakiwa na mpira wa makaratasi, na klabu za joging saa kumi na mbili asubuhi, na mama mwenye ndoo ya karanga bila kufukuzwa getini. Jengo jipya linalowaruhusu hao limewaheshimu waliochanga kuliko la zamani lililofungwa kufuli. Jengo jipya lisilowaruhusu ni kiwanja, hata likiwa na mitambo ya jua kuanzia msingi hadi paa.

La tatu ndilo dogo, na sijawahi kulisikia likiulizwa kwenye mkutano wowote wa hadhara. Nani atapanda juu ya paa Jumatatu? Mechi imeisha Jumapili, wageni wameondoka, majani ya miti yameziba mfereji na bati moja limeachia msumari. Kuna mtu mwenye jina, mwenye ngazi, mwenye mshahara, ambaye kazi yake ni hiyo? Fedha za msumari zimetengwa kwenye bajeti ya mwaka huu, na ya mwaka ujao, na ya mwaka 2040? Kama mtu huyo yupo, sioni kwa nini asianze na paa tulilonalo. Kama hayupo, jukwaa jipya nalo litapata ufa wake wa kwanza, na sisi tutakuwa tumekaa chini yake tukisubiri utepe mwingine.